Haller Park Bamburi: twiga wazuri, lakini mimi nawaambia mtazame chini

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi mnataka tu kujua kama hela yenu itakwenda bure: nendeni. Haller Park pale Bamburi inastahili kiingilio chake. Mimi ni mtu wa Kiembeni, nimeingia pale tangu niko shule ya msingi na hadi leo napeleka wageni, na bado sijachoka. Nyota nne na nusu, hiyo nusu iliyokatwa nitaieleza mbele. Ila sababu zangu si zile za kila mtu. Uliza yeyote hapa Mombasa Haller kuna nini, atakwambia twiga, viboko, kobe wakubwa, mamba, basi. Hayo yote yapo na ni mazuri. Mimi nataka niwazungumzie kitu ambacho watu wanakikanyaga tu wakikimbilia kumpiga twiga picha, yaani ule udongo, manake miaka hamsini na kitu iliyopita pale hapakuwa na udongo hata wa kuoteshea mchicha kwenye mkebe.

Kwa wasiojua, pale palikuwa timbo. Kiwanda cha simiti cha Bamburi kilianza kazi 1954, na simiti ya huku kwetu inatoka kwenye jiwe la matumbawe, yale matumbawe ya zamani ambayo yalikuwa chini ya bahari kabla bahari haijarudi nyuma. Wanalichimba, wanalisaga, wanalichanganya na udongo wa mfinyanzi halafu linaingia kwenye tanuri lenye moto wa kama nyuzi 1,450. Nyumba zenu zote mnazoziona kuanzia Likoni hadi Malindi zina kipande cha jiwe hilo ndani. Kinachobaki nyuma ni shimo. Na si shimo dogo la kuanguka mbuzi, ni bonde zima jeupe, wamechimba wakateremka mpaka karibu wagonge maji ya chini, na maji yenyewe yana chumvi kwa sababu bahari haiko mbali. Fikiria jua la Mombasa la mwezi wa pili linapiga jiwe jeupe linarudi usoni, hamna kivuli, hamna jani, hamna hata mdudu wa kumkimbiza. Ukimwaga maji yanapotea, ukipanda mbegu inakaangika.

Mwaka 1971 kampuni ikampa kazi ya kulirudishia uhai shimo hilo Mswisi mmoja mtaalamu wa kilimo na bustani, René Haller, ndiye mwenye jina lililoko getini. Na hapa ndipo napenda hadithi hii, kwa sababu hakuja na matipa ya udongo kutoka kwingine akafukia, ambayo ndiyo njia ya haraka na ya gharama. Alijaribu miti. Aina 26 za miti, akaipanda kwenye lile jiwe, na baada ya muda ikabaki hai aina tatu tu: mnazi, ule mti unaoitwa damas ambao asili yake ni upande wa Somalia, na mvinje. Ishirini na tatu zilizobaki zilikwenda na maji. Wangapi wetu tungeendelea baada ya hapo? Mimi nikikosa sukuma wiki mara mbili naacha bustani.

Mvinje ndio ulioshinda. Watu wa pwani tunaujua, uko ufukweni kila mahali, watu wanaukata kwa boriti na nguzo za kujengea, lakini wengi hatujui kwa nini unaota pale ambapo mti mwingine unakufa. Kwanza unavumilia chumvi. Pili mizizi yake ina vinundu, ndani yake kuna bakteria wanaoshika naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo mti unajitengenezea mbolea yake wenyewe, hauhitaji udongo wenye rutuba kuanza maisha. Tatu unadondosha vijani vyake, vile vya kama sindano, mwaka mzima bila kupumzika, na hizo sindano ndizo zilitakiwa zioze ziwe mboji.

Sasa hazikuoza. Sindano za mvinje zina tanini nyingi, ile kitu inayokausha mdomo ukinywa chai ya rangi kali, na vijidudu vya kuozesha haviipendi. Zikajazana tu pale chini, zulia la rangi ya kutu, miti inakua lakini udongo hakuna. Ungekuwa mradi wa siku hizi wangeishia hapo, wangepiga picha ya kijani kutoka kwenye droni wakaandika ripoti. Haller akaona jongoo. Yule jongoo wetu mweusi mwenye miguu myekundu, ambaye wageni wamempa jina la treni ya Mombasa, yuko anakula sindano za mvinje bila shida. Wakaletwa jongoo kwa mamia wakaachiwa humo. Jongoo anatafuna, anapitisha tumboni, kinachotoka nyuma ndicho bakteria wanaweza kukishughulikia, na hicho ndicho udongo wa Haller Park. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake, huyu bwana yeye aliokota vyote viwili akavifanya mtaji.

Ukienda fanya hivi, nakuomba. Ukiwa kwenye njia ya kupita katikati ya mivinje, kabla hamjafika kwa wanyama, chutama kando (usitoke njiani, chutama tu hapo pembeni) ukafunue zile sindano kwa kijiti. Juu utakuta sindano kavu za karibuni, nyepesi, zinateleza. Chini yake zimeanza kuwa nyeusi na zimekatikakatika, hapo unaweza kuwakuta jongoo wenyewe, wengine wamejikunja kama shilingi. Chini zaidi kuna kitu cheusi chenye unyevu, ukikisugua kwa vidole kinanukia msitu baada ya mvua. Endelea kidogo tu, si sana, kijiti kitagonga. Tak. Jiwe jeupe. Hapo ndipo unaelewa kwamba msitu wote huo, miti mirefu inayovuma juu ya kichwa chako, imesimama kwenye tabaka dogo la kinyesi cha jongoo juu ya timbo. Mimi kila nikifanya hivyo naona raha kuliko kumlisha twiga, na watoto wangu wanasema mama ana mambo.

Haya twiga nao. Kuna kijukwaa kimeinuliwa, unanunua chakula cha vitembe, unanyoosha mkono na ulimi wa rangi ya zambarau unakuja kukifagia, watoto wanapiga mayowe, na watu wazima pia wanapiga mayowe wakidhani hawasikiki. Kwa kawaida kuna saa za kulisha, asubuhi kabla ya adhuhuri na tena alasiri, na viboko wanalishwa mnamo saa kumi jioni, kwa hiyo mtu mwenye akili anaingia kama saa nane na nusu hivi anayapata yote mawili na jua limepungua. Kuna pofu, kuna choroa, kuna kima na tumbili ambao wataiba chochote, ndizi, miwani, kofia ya bibi. Mamba wapo, nyoka wapo nyumbani kwao kwa wanaopenda, mimi huwa nangoja nje.

Mabwawa ya samaki yana maana yake pia, msiyapite tu. Haller alipoona maji yapo karibu akaanza kufuga tilapia, maji ya samaki yenye uchafu yanakwenda kulisha mimea, mimea inayasafisha, mabwawa yanavuta ndege. Kila kitu kinamlisha mwenzake. Na ukiwa mtu wa pwani unajua timbo lenye maji yaliyotuama ni nini, ni kiwanda cha mbu, na samaki wanakula viluwiluwi vya mbu. Nendeni mkatazame yale matimbo mengine ya kukata mawe ya kujengea huko upande wa Kilifi, mashimo yameachwa wazi, mvua ikinyesha yanajaa, watoto wanakwenda kuogelea, na kila msimu mnasikia habari mbaya. Ndiyo maana mimi nikisikia mtu anasema Haller ni bustani ya wanyama tu namkatisha.

Kabla sijasahau, wageni wengi bado wanaulizia Owen na Mzee, yaani kiboko na kobe wake. Kwa walio wadogo: Disemba 2004, ile tsunami, kulikuwa na kiboko mtoto aliyekwama baharini karibu na Malindi baada ya mto Sabaki kufurika na kumsomba yeye na wenzake, wavuvi na watu wa Malindi wakamtoa kwa nyavu, kazi ya siku nzima, akaletwa Haller. Alipofunguliwa akamkimbilia kobe dume wa Aldabra aliyekadiriwa ana miaka 130 hivi, akajificha nyuma yake kama vile ni mamake, na mzee wa watu mwanzoni hakutaka, akawa anamkwepa, mwisho akasalimu amri wakawa wanalala pamoja, wanakula pamoja. Picha zilizunguka dunia. Baadaye kiboko alipokuwa mkubwa ilibidi watenganishwe, maana mapenzi ya kiboko wa tani kadhaa yanaweza kukuua, akapewa kiboko jike wa kukaa naye. Sawa, hadithi nzuri sana na mimi nililia kama wengine, lakini naona ajabu kwamba sehemu hii inajulikana duniani kwa kobe na kiboko wakati kuna jongoo waliotengeneza sakafu ambayo kobe na kiboko walilalia.

Mara ya mwisho nilikuwa na shemeji yangu wa Dar na familia yake. Yeye anakaa Tegeta, karibu na Wazo Hill, ambako kiwanda cha saruji kinachimba mlima, na si mbali na machimbo ya Kunduchi ambako watu wanaponda kokoto kwa nyundo juani. Tukiwa chini ya mivinje akasimama, akageuka pande zote akasema, dada, unaniambia hapa palikuwa kama Wazo? Nikamwambia palikuwa kama Wazo. Akanyamaza kidogo halafu akakumbuka kwamba Amsons, kampuni ya kwao Tanzania, ilikamilisha kuinunua Bamburi mwishoni mwa 2024, basi hapo hakushikika tena, sasa ni yetu shem, tutawatoza viingilio, alicheka mpaka kima wakakimbia. Nikamwambia kama ni yenu basi mje mrudishe jiwe letu. Lakini swali lake la mwisho lilikuwa la maana na nilikosa jibu la haraka: kama huku iliwezekana 1971, kwa nini si kila mahali?

Hilo nitalirudia. Kwanza ile nusu nyota.

Mkienda mkitarajia mbuga mtasikitika. Hapa hakuna simba, hakuna kuzunguka na gari, wanyama wakubwa wameletwa na wengi wako ndani ya maeneo yao, ni bustani ndani ya shimo lililoponywa. Mtu aliyezoea Tsavo atasema ah. Na kuna hoja ya wataalamu wa mimea ambayo nadhani ni ya haki, kwamba msitu wa mivinje mitupu si msitu wa asili wa pwani, kaya zetu za Wamijikenda, ile misitu mitakatifu, zina miti mamia ya aina tofauti na hiyo huwezi kuirudisha kwa kupanda aina moja. Ni kweli. Ila mvinje ulikuwa mlango, ukishatengeneza kivuli na mboji miti mingine inaanza kuingia yenyewe na mingine inapandwa, na ukitembea kwa makini utaona sehemu ambazo mvinje umeshaanza kupisha wengine. Mimi nakata nusu nyota kwa sababu nataka nirudi baada ya miaka hamsini mingine nikute mvule na mbambakofi umejaa humo, basi. Mtanisamehe.

Jambo jingine ambalo si la Haller wenyewe: msinunue tiketi kwa mtu wa njiani. Kuna kampuni moja ya safari, sitaitaja, iliwauzia binamu zangu wa Nairobi "pakeji ya Haller" kwa bei ambayo ingeingiza mtaa mzima, usafiri na tiketi na maji ya chupa mbili, na maji hayakuonekana. Nendeni getini mlipe wenyewe. Bei hubadilika na ya raia si sawa na ya wageni, kwa hiyo bebeni vitambulisho.

Sasa swali la shemeji. Hapa ndipo naomba mnisome polepole, maana nimeona watu wengi wakitoka Haller Park wanaanza kuamini kwamba ardhi yoyote iliyoharibiwa na kiwanda ukiipandia miti na kuwa na subira itapona. Wanasiasa nao wanapenda sana sentensi hiyo. Timbo la Bamburi lilikuwa limekufa lakini halikuwa na sumu. Kilichokosekana ni udongo, kivuli, maji matamu. Unaweza kuviongeza. Ardhi yenye sumu shida yake ni kilichozidi, na hicho lazima kitoke au kifungiwe, hakuna njia ya tatu.

Na mfano hauko Ulaya, uko hapa hapa Mombasa, ng'ambo ya kisiwa, Owino Uhuru kule Mikindani. Kuanzia 2007 kulikuwa na kiwanda kinayeyusha betri kuukuu za magari kutoa madini ya risasi, ukuta wake umepakana na nyumba za watu, moshi na vumbi vinaangukia kwenye mabati, maji machafu yanapita kwenye mitaro watoto wanamocheza. Phyllis Omido aliajiriwa hapo 2009, mtoto wake mchanga akaugua, madaktari wakatafuta malaria wakatafuta typhoid, kumbe ni risasi, imepita kwenye maziwa ya mamake. Akaacha kazi akaanza kupiga kelele, akapigwa, akakamatwa, hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa 2014, na 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Kesi ikaenda kortini, Julai 2020 korti ya mazingira na ardhi ya Mombasa ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na ardhi na maji visafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zitolewe milioni 700 za kufanyia kazi hiyo. NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, ikakata rufaa, korti ya rufaa ikaubatilisha uamuzi 2023, halafu Disemba 2024 Korti ya Juu ikaurudisha. Yaani kutoka kiwanda kufungwa hadi neno la mwisho la korti ni miaka kumi, na mtoto aliyezaliwa siku kilipofungwa alikuwa tayari darasani.

Huko jongoo hasaidii. Madini ya risasi hayaozi, hayaliwi na bakteria yakawa kitu kingine, hayachakai kwa jua wala mvua, ukiyaacha miaka mia utayakuta pale pale kwenye sentimita za juu za udongo, ambazo ndizo watoto wanachezea na kutia vidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto ambacho ni salama. Marekani walikuwa wanatumia miligramu 400 kwa kilo ya udongo wa nyumbani kama kiwango cha kuanza kuchunguza, 2024 wakashusha hadi 200 kwa sababu waliona ile ya kwanza bado inaumiza. Na kupanda alizeti ili zifyonze, ambayo naisikia sana, kwa risasi inakwenda taratibu mno na sehemu kubwa inabaki kwenye mizizi, halafu hizo alizeti zenyewe zinakuwa takataka za sumu, utazipeleka wapi, utampa nani mbegu akakamue mafuta?

Kinachofanyika kwa kweli ni kazi ya jembe na sepetu. Wataalamu wanakuja na mashine ya mkononi, unailenga chini inasoma madini papo hapo, wanachora ramani ya nyumba kwa nyumba maana ua mmoja unaweza kuwa na sumu kali na wa jirani una kidogo. Kisha tabaka la juu linaondolewa na kupelekwa kwenye shimo lililowekewa sakafu isiyopitisha maji, unaletwa udongo safi unamwagwa juu, na nyumba ndani zinafagiwa kwa maji kwa sababu vumbi limeingia mpaka kwenye magodoro. Pengine badala ya kuhamisha wanafunika kwa udongo mzito au lami, au wanachanganya na mbolea ya fosfeti ambayo inaifunga risasi isiyeyuke kirahisi tumboni. Ghali, ndiyo. Lakini haihitaji uchawi wala mashine za mabilioni: kule Zamfara, Nigeria, 2010, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa risasi iliyotokana na kusaga mawe ya dhahabu majumbani, na vijiji vilisafishwa na wanakijiji wenyewe wakiongozwa na wataalamu, kwa majembe, ua baada ya ua, kijiji cha Bagega kikamalizika 2013. Na madaktari huko walisema jambo moja ambalo limenikaa kichwani: hawawezi kumpa mtoto dawa ya kutoa risasi mwilini mpaka nyumbani kwao pasafishwe kwanza, maana akirudi atajaza tena.

Kwa hiyo nikamjibu shemeji baadaye kwa simu, nikamwambia Haller iliwezekana kwa vitu vitatu. Jiwe lilikuwa safi. Mwenye kuharibu alikuwa bado yupo, ana hela, na ndiye aliyelipa. Na kulikuwa na mtu mmoja mkaidi aliyekaa na kazi hiyo miaka na miaka, si mradi wa miezi 18. Mwaka 1971 hapakuwa na sheria ya mazingira ya kumlazimisha yeyote, sheria ya mazingira ya Kenya imekuja 1999, na sheria ya madini ya 2016 ndiyo inayotaka mchimbaji aweke dhamana ya kurekebisha ardhi kabla hajagusa. Karatasi tunazo siku hizi kuliko enzi za Haller. Shemeji akasema, basi kinachokosekana ni wakaidi. Nikamwambia na hela, usisahau hela.

Msinielewe vibaya, silinganishi ili kuishusha Haller Park. Naisifu kwa inachokistahili. Tangu ilipofunguliwa kwa umma 1984 imekuwa darasa la bure (sawa, la kulipia) kwa watoto wa pwani nzima, na ile tuzo ya Global 500 ya Umoja wa Mataifa aliyopewa Haller 1987 hakupewa kwa kupendwa. Nikipata mwalimu wa sayansi wa darasa la saba ninayemjua namwambia apeleke watoto huku asubuhi, halafu awafundishe kuhusu Owino Uhuru mchana, siku moja, wauone mji wao wenyewe.

Haya ya safari. Matatu za Mtwapa zinapita pale, unapandia mjini au unaingilia njiani baada ya daraja la Nyali, mwambie kondakta akushushe Haller, wanajua wote. Ukienda na gari lako toka mapema, foleni ya barabara hiyo mnaijua wenyewe. Vaeni viatu vya kufunika, njia ni nzuri ila mizizi ya mivinje imejitokeza na nimeshaona shangazi mmoja akienda chini na kiatu cha kisigino. Maji ya kunywa bebeni, chakula msikibebe mkononi wazi kwa ajili ya kima. Wazee wanaweza kutembea bila taabu kwa sababu ndani ni kivuli karibu njia yote na hamna milima, mamangu ana magoti mabovu na alizunguka akamaliza. Mkipata mtu wa kuwatembeza ndani mwombeni kabisa awaonyeshe jongoo, wanaojua kazi yao wanafurahi sana kuulizwa hilo maana kila mtu anauliza kiboko. Muda wa saa mbili na nusu unatosha, tatu kama una watoto. Jumamosi za muhula mabasi ya shule yanajaa, nenda siku ya kazi kama unataka kusikia mivinje ikivuma, na kama una watoto wasiopenda utulivu nenda hiyo hiyo Jumamosi wakachanganyike na wenzao.